Mtoto wa Shangani

Mpenzi wa nyimbo za marhumu Freddie Mercury akijaliwa kufika Unguja, hana udhuru wa kupita Shangani asiingie katika makumbusho yake yaliyofunguliwa mwezi wa Novemba 2019. Nami, ambaye sauti ya mtu huyo imenisindikiza tangu ujana wangu katika faraja na msiba, niliingia humo kwa taadhima ya mtu aendaye kuhani nyumba ya jamaa aliyefariki yeye akiwa safarini.

Nilidhani nitavutwa zaidi na picha za majukwaani, za enzi ile ya uwanja wa Wembley, Julai 1985, alipowateka maelfu ya watu kwa muda usiotimia nusu saa. Walakini kilichonisimamisha ni picha ya mtoto mchanga, kicheko kimemjaa usoni, macho yake meusi yamemkabili mpiga picha pasi na hofu yoyote. Huyo ndiye Freddie mwenyewe, kwa jina lake la awali Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mwana wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Bara Hindi, baba yake akiwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya Kiingereza. Nilimtazama kitambo kirefu, wageni wakinipita nyuma.

Angali mdogo alipelekwa Panchgani, India, kusoma katika skuli ya bweni, na huko ndiko alikojifunza kinanda. Akarejea kwao Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 aila nzima ikahamia Feltham, karibu na London. Kundi lake la muziki, Queen, liliundwa 1970, na mengine yanajulikana ulimwengu mzima. Tangu hapo Unguja hakuitaja ila kwa nadra.

Je, tuna haki ya kumwita wetu? Naamini tunayo, lakini kwa sharti la kumpokea mzima. Si insafu kujifaharisha kwa sauti yake, kisha tukaifumbia macho dini ya wazee wake, au mapenzi yake, au maradhi ya UKIMWI, ambayo aliyatangaza siku moja tu kabla ya kufa kwake tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa hapa ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa kwa sababu ya upinzani wa baadhi ya jumuiya za dini, na najua kwamba wako watu wema, ninaowaheshimu, ambao hata leo wanaiona nyumba ile ya makumbusho kwa jicho la shaka. Mimi naiona kuwa ni haki iliyocheleweshwa: mtoto aliyezaliwa katika mji hatolewi katika tarehe ya mji huo kwa kuwa maisha yake yalikuja kwenda njia tusiyoichagua sisi.

London, mwaka 2023, mali zake zilitandazwa kwa watazamaji kabla ya kunadiwa, na kinanda chake cha Yamaha, alichokitungia nyimbo zake mashuhuri, kilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Unguja haikuwa na fedha za kushindania vitu kama hivyo, wala sioni kuwa ni hasara kubwa. Kuna hazina nyingine ambayo mnada hauwezi kuiuza, nayo imo vifuani mwa wazee wa Mji Mkongwe: nani alicheza naye katika vichochoro vile, nani aliyemwona akipita na mama yake, Waparsi wa zama zile waliishije na jirani zao. Aliyezaliwa mwaka mmoja naye sasa anaukaribia umri wa miaka 80. Basi wenye makumbusho, na vijana wa skuli pamoja nao, nawasihi wachukue daftari wakabishe hodi kwa wazee hao mwaka huu huu, wayaandike wanayoyakumbuka kwa Kiswahili chao wenyewe, na maandishi hayo yatundikwe ukutani kando ya picha ya yule mtoto.