Reli Ilikuwa ya Nani?

Reli mbili za tawi zilijengwa Tanganyika kwa wakati mmoja, miaka ya mwisho ya 1940, na kila moja ilikuwa na mzigo wake mmoja. Ya kusini, iliyokwenda Nachingwea, ilisubiri karanga. Ya magharibi, kutoka Kaliua hadi Mpanda, ilisubiri madini ya risasi. Karanga hazikustawi. Risasi haikudumu. Leo Nachingwea haina reli, lakini Mpanda bado ina stesheni. Tofauti hiyo inazaa swali ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: kitu kikishajengwa katikati ya watu, kinabaki kuwa cha aliyekijenga?

Tuanze na kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikabuni mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, visiki vikayashinda, mvua ikagoma. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Bandari mpya ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilikamilika mwaka 1954, karanga zenyewe zikiwa zimeshakuwa hadithi. Treni ikaendelea kutembea kwa hasara kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikasimamishwa, na vyuma vikang'olewa.

Nasoma shahada ya uzamili ya mipango, na darasani uamuzi huo hauna utata. Mradi una lengo, lengo limekufa, mradi unakula fedha: funga. Nchi iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1961, yenye shule chache na madaktari wa kuhesabika, ilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini ilipie ndoto ya mtu mwingine. Siwezi kuwacheka waliofunga reli ile. Na tusiipambe kuliko ilivyokuwa: haikufika Dar es Salaam, hivyo isingewaondolea watu wa kusini ule upweke wa masika, barabara ilipokatika kwenye Mto Rufiji. Upweke huo ulisubiri hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Lakini tazama Mpanda. Mgodi wa risasi uliozaa reli ile nao ulifungwa. Kwa mantiki ileile, vyuma vingeng'olewa. Havikung'olewa. Halafu yakatokea mambo ambayo hakuna mhandisi wa mgodi angeweza kuyaandika kwenye ripoti yake. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji Burundi, na maelfu yao wakapewa makazi Katumba, kwenye njia ya reli hiyohiyo. Wakalima. Wakazaa. Miaka mingi baadaye wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Reli iliyojengwa kubeba mawe ikawa ya mtu mwenye gunia la mahindi, ya mwanafunzi anayekwenda Tabora, ya mgonjwa.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya kipimo chetu. Tunapima kama mradi umetimiza lengo la mwanzo, kana kwamba lengo la mwanzo ndilo pekee lenye haki ya kuhesabiwa. Stesheni haikai peke yake. Mama mmoja anaweka meza ya chai, mwingine anajenga karibu ili asafirishe mazao, kijana anaoa akijua treni itampeleka kwao. Hakuna aliyewaahidi lolote kwa maandishi. Ila wamepanga maisha yao juu ya kitu walichokikuta kimesimama mbele ya macho yao, na aliyekisimamisha alijua wataona.

Sidai kwamba kila reli iliyowahi kujengwa lazima itembee milele. Nadai kitu kidogo zaidi. Aliyeamua kuhusu karanga alikuwa na pa kurudi. Alipanda meli akaenda zake. Mwenye meza ya chai hakuwa na meli. Haki inadai kwamba siku ya kung'oa, asiyeweza kuondoka aulizwe kabla ya anayeweza. Na kama hasara ni lazima, basi ahesabiwe miongoni mwa waliopata hasara, si pauni peke yake.

Swali hili si la makumbusho. Kwa miaka sasa kunazungumzwa reli mpya ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Mzigo umebadilika jina, mantiki ni ileile. Natamani ijengwe. Ila kabla taruma la kwanza halijalazwa, ningependa wapangaji, nikiwemo mimi siku moja, tujibu kwa maandishi jambo ambalo halikujibiwa Nachingwea: makaa yakiisha, au bei ya chuma ikianguka, reli itakuwa ya nani? Jibu likiwa "ya makaa", watu wa kusini wana haki ya kulijua mapema, kabla hawajajenga nyumba zao karibu na stesheni.