Mtaka cha Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii huambiwa mwanafunzi mvivu, au kijana anayetafuta kazi huku akichagua, na wengi huishia hapo: jitaabishe upate. Kwa Mkristo ina kina zaidi. Haimwambii mtu ajidharau. Anayeinama anakijua anachokitaka, na anaamini kipo ingawa akisimama wima hakioni. Mnyenyekevu ni yule ambaye kiu yake ya hekima ya Mungu imeishinda hamu ya kuonekana kwamba anayo tayari.

Sijui mfano ulio wazi kuliko wa Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alikuwa na cheo, ushindi na ukoma. Habari ya kupona ilitoka kwa msichana mateka aliyemtumikia mkewe. Alipofika kwa Elisha, nabii hakutoka hata kumlaki. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani alighadhibika, akaitaja mito ya Dameski, akageuka aende zake. Waliomrudisha ni watumishi wake. Tangu mwanzo hadi mwisho, uponyaji wake ulipitia vinywa vya walio chini yake.

Hapo ndipo methali inapouma. Kumpigia Mungu magoti tumekuzoea, wala hakuna anayetucheka. Kinachotushinda ni kumsikiliza mtu tunayemzidi elimu au mali, pale Mungu anapomtumia yeye.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyesoma Cambridge, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho kwa kazi ya Gahini, Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda, wakakaa pamoja kuisoma Biblia na kuomba. Mmisionari aliyetumwa kufundisha alikubali kujifunza kutoka kwa Mwafrika, katika enzi ya ukoloni! Uamsho ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, ukaingia na Burundi, una mzizi mmoja katika mkutano ule. Walioguswa na uamsho huo waliungama dhambi hadharani, Wazungu mbele ya Waafrika, na kwa watu wa wakati ule jambo hilo lilikuwa zito kuliko mahubiri yoyote.

Nauleta mfano wa Naamani Kinindo, kusini mwa Bujumbura, mtaa wa nyumba zenye uzio na malango ya chuma. Katika nyumba kama hizo mara nyingi yupo msichana wa kazi aliyetoka kijijini, anayeamka kabla ya wote na kusali kwa Kirundi akiwasha moto. Baba akirudi ibadani Jumapili huwauliza watoto wamejifunza nini. Amwulize na msichana huyo. Huenda amebeba neno ambalo nyumba nzima inalihitaji, kama yule wa nyumba ya Naamani, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulisema.

Lakini methali hii isigeuzwe fimbo. Kuna mabwana, na hata wahubiri, wanaomhubiria unyenyekevu mtu aliyekwisha kuinamishwa na umaskini. Methali inamsema mtaka, anayeinama kwa hiari yake. Msichana yule hahitaji kuambiwa ainame. Anayehitaji kuambiwa ni mwenye nyumba.