Maji uliyoyavulia nguo, si lazima uyaoge



Miezi mitatu hivi iliyopita, baada ya darsa la alasiri, mama mmoja alibaki amekaa nje ya msikiti mpaka watu wote walipokwisha kuondoka. Aliponiona niko peke yangu akasogea, akasema, "Ustadhi, nina swali, lakini si la kuuliza mbele za watu." Lilikuwa la binti yake. Nimewaomba idhini niliandike, na nimeficha kila ambacho kingewafanya watambulike.

Binti alipata mimba nje ya ndoa. Kijana aliyempa mimba alipoambiwa hakubisha wala hakufoka. Alikwenda duka la dawa akarudi na pakiti yenye kidonge kimoja peke yake na vingine vinne. Maelekezo ya dukani yalikuwa mafupi: leo hiki, kesho kutwa hivi. Binti akameza kile kimoja. Usiku ule hakulala. Alfajiri akaenda chumbani kwa mama yake, akaviweka vile vinne juu ya mkeka, akalia.

Sasa sikilizeni swali. Mama hakuniuliza kama kutoa mimba ni haramu. Hilo analijua. Aliniuliza: "Dhambi si imeshaandikwa, Ustadhi? Shangazi yake anasema maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Avimeze tu hivyo vingine yaishe?"

Ninaandika kwa sababu ya huyo shangazi, maana hayuko peke yake. Methali ile wazee waliitunga kumtia moyo mtu aliyeanza kazi ya halali akaiona nzito. Tukiipeleka kwenye maasi inakuwa sauti ya Iblisi kabisa, kwani hiyo ndiyo hila yake ya pili. Ya kwanza humwambia mja kuwa jambo ni dogo, na akishaingia humwambia kuwa limekuwa kubwa mno, njia ya kurudi haipo.

Turejee hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu wa umma zilizotangulia aliyeua nafsi tisini na tisa. Alimuuliza mtawa kama ana toba, akajibiwa hana, akamuua na huyo zikatimia mia. Kisha akamwendea mwanachuoni, ambaye alimwambia hakuna wa kumzuia na toba, ila ahame aende mji wa watu wema. Akafia njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakagombana juu yake, ukapimwa umbali, akaonekana yu karibu zaidi na mji aliokuwa anauendea, akachukuliwa na wa rehema. Mtu huyu hakufika! Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa amegeuka na anatembea. Shangazi amechukua nafasi ya yule mtawa.

Kwa hiyo nilimjibu mama: vile vinne visimezwe, binti ana toba, na toba yake inaanza kwa kwenda hospitali leo hii, si kesho. Mama alishangaa kidogo. Alitegemea nitampa uradi.

Dawa hizi ni za aina mbili. Kile kidonge cha kwanza kinaitwa mifepristoni. Kiliidhinishwa Ufaransa mwaka 1988, na kazi yake ni kuizuia homoni ya projesteroni, ambayo ndiyo inayoshikilia ukuta wa mfuko wa uzazi ili mimba ikae. Vile vingine ni misoprostoli, ambavyo kwa kawaida hufuata baada ya saa 24 hadi 48 na kuufanya mfuko ujikaze na kutoa kilichomo. Aliyemeza cha kwanza tu, akaacha vya pili, mimba yake inaweza kutoka na inaweza kuendelea. Wako wanawake ambao kwao iliendelea wakajifungua. Mifepristoni haijulikani kumlemaza mtoto. Basi kugeuka katika hatua ile si ndoto.

Lakini kugeuka kuna hatari yake, na hapa nawaonya wanaotafuta dawa ya kurudisha mimba kwenye simu. Huko Marekani, daktari George Delgado alitoa taarifa mwaka 2012 kuwa aliwapa projesteroni wanawake wachache waliojuta, na baadhi yao mimba zikaendelea. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakatoa taarifa nyingine ya wanawake wengi zaidi. Hata hivyo, chama cha madaktari wa uzazi wa nchi hiyo hakikubali kuwa tiba hiyo imethibitishwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walijaribu kuipima kwa utaratibu, wakilinganisha projesteroni na kidonge kisicho na dawa. Walikusudia wanawake 40. Walisimamisha wakiwa na 12 tu, kwa kuwa watatu walitokwa damu nyingi wakakimbizwa hospitali. Mmoja alikuwa amepewa projesteroni, wawili hawakupewa. Maana yake ni kwamba kukatisha katikati kunaweza kuleta kuvuja damu, na anayekatisha asijifungie chumbani na tasbihi yake. Tasbihi aichukue, aende nayo wodini.

Mambo huwa magumu zaidi kwa anayetumia misoprostoli peke yake, dawa ambayo hospitali huitumia kwa heri kabisa, kuzuia damu kwa mzazi aliyejifungua. Hiyo hufanya kazi ndani ya saa chache na hakuna ya kuigeuza. Ikitokea mimba imebaki, mama amwambie mhudumu wa kliniki ukweli, kwa sababu misoprostoli katika miezi ya mwanzo inaweza kudhuru viungo na neva za uso wa mtoto, ingawa wengi huzaliwa wazima. Na kama mimba imeshatoka, mlango wa toba haujatoka nayo. Damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au homa, au uchafu wenye harufu, au kuzirai, au maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, ni mambo ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Hili la mwisho laweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, ambayo vidonge hivi haviigusi, nayo inaua.

Wengi wanaogopa polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 151, inamtishia mwanamke kifungo cha miaka 7, na kifungu cha 150 kinamtishia anayemtoa mimba miaka 14. Lakini kumtibu aliyeharibikiwa na mimba si kosa, na huduma hiyo imo katika hospitali zetu za serikali. Maisha kwanza.

Katika fiqhi, wanachuoni wamekubaliana kuwa baada ya roho kupulizwa, yaani siku 120, kutoa mimba ni haramu ila kunusuru uhai wa mama. Kabla ya hapo wamekhitalifiana. Baadhi ya Mahanafi waliruhusu kwa udhuru, Wamaliki wakakaza tangu mwanzo, na Imam Ghazali, katika madhehebu yetu ya Shafii, akaiita jinai inayozidi ubaya kadiri mimba inavyokua. Mtume (s.a.w) aliwekea fidia mimba iliyoharibiwa kwa kipigo cha mke wa kabila la Hudhayl. Aliyeitoa na anahofia kuwa ana fidia au kafara, amwone mwanachuoni wake ana kwa ana.

Ila leo nina maneno zaidi na sisi tulio nje ya chumba kile. Binti huyu alimeza kidonge kwa kumwogopa nani? Hakumtaja Allah (s.w). Alimtaja baba yake, akawataja wanawake wa maulidi, akataja chuo alichokuwa akifundisha watoto Juz Amma. Tunajua kisa cha mwanamke wa Ghamid, katika Sahihi Muslim, aliyemjia Mtume (s.a.w) akikiri kuwa ana mimba ya zinaa. Hukumu iliyomfika baadaye tunaipenda kuisimulia. Tunaruka kilichotangulia: Mtume alimrudisha mpaka azae, na alipozaa akamrudisha tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Mtoto wa zinaa alipewa nafasi ya kuzaliwa na kunyonya, na Mtume mwenyewe ndiye aliyeilinda. Sisi mtaani tunampa mama yake wiki moja.

Suratul Israa, aya ya 31, imetukataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini, kwa kuwa anayewaruzuku wao na sisi ni Allah. Tunaisoma sana kwa akina mama wenye njaa. Haya ya watu nayo ni njaa ya aina yake, nani anaisomea? Wazazi wengine bado wanadhani binti akizaa shule imekwisha, ilhali tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi darasani. Na yule kijana mwenye pakiti, mbona hakuna aliyeuliza habari zake? Alinunua, akakabidhi, akaenda zake kuangalia mpira. Siku ile alikuwa safu ya pili, nyuma yangu.

Binti alikwenda hospitali na mama yake jioni ile ile. Alipimwa, akaambiwa mimba bado ipo, wiki ya tisa, akalazwa siku mbili kuangaliwa damu. Juzi nimeonana na mama. Kadi ya kliniki inasoma wiki ya ishirini na moja. Baba ameanza kuongea naye, kwa maneno machache, wakati wa kula. Chuo bado hawajamwita.

Wallahu a'lam.