Mwenye Usingizi Hajijui

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola ambaye hashikwi na kusinzia wala kulala. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mitihani imekaribia, na ile desturi yetu imeanza kuonekana mabwenini. Taa haizimwi. Kahawa inakorogwa nzito. Anayesema kwamba jana alilala saa mbili tu husikilizwa kwa heshima, kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Kisha muadhini anaita alfajiri, na msikitini hata safu ya kwanza haijai.

Leo nataka tutafakari jambo moja tu. Mtu aliyepungukiwa na usingizi si shahidi wa kuaminika juu ya nafsi yake. Anajiona yuko sawa, kumbe sivyo. Dini yetu ilitufundisha kumchukulia mtu huyo kwa tahadhari, na majaribio ya kisayansi yametuonyesha kwa vipimo ukubwa wa tatizo lake. Anayelijua hili atapanga usiku wake. Asiyelijua anaweza kupoteza swala na mtihani kwa pamoja.

Mafundisho ya Mtume (SAW)

Bibi Aisha (RA) amepokea kwamba Mtume (SAW) alimwelekeza anayesinzia ndani ya swala aende akalale mpaka usingizi umtoke. Sababu yake inashangaza: mtu huyo anaweza kudhani anaomba msamaha, kumbe anajiapiza mwenyewe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Zingatieni neno "kudhani". Ulimi unatamka jambo moja, mwenyewe anaamini anatamka jingine. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 43, kabla pombe haijaharamishwa moja kwa moja, waumini walikatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema. Pombe na usingizi ni vitu tofauti, lakini katika mafundisho haya mawili hofu ni ile ile: mtu kusimama mbele ya Mola wake asijue anachokisema.

Siku nyingine Mtume (SAW) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab (RA): akichoka katika swala za usiku, huishikilia. Mtume (SAW) akaamuru ifunguliwe, na akawaelekeza watu waswali wakiwa na nguvu, na anayechoka apumzike. Kahawa ya saa nane usiku ni kamba ya aina hiyo. Inakuzuia usianguke, lakini haikurudishii kilichopungua.

Waliyoyaona watafiti

Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, watafiti Patrick na Gilbert waliwakesha wanaume watatu kwa saa 90 mfululizo huku wakiwapima. Wepesi wao wa kuitikia ulipungua, na kumbukumbu zao zikadhoofika. Mmoja wao akafikia kuona vitu ambavyo havikuwepo.

Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazihifadhi. Mara nyingine walilala baada ya kuhifadhi, mara nyingine waliendelea na shughuli zao. Muda wa kusubiri ulikuwa ule ule: saa 1, 2, 4 au 8. Walipolala walikumbuka zaidi. Kwa hiyo anayesema kulala ni kupoteza muda wa kusoma hajui kwamba kulala ni sehemu ya kusoma. Wanaohifadhi Qur'ani walizingatie hili.

Mwaka 1997 Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walitoa matokeo katika jarida la Nature. Watu 40 walipimwa uwezo wa jicho na mkono kufanya kazi pamoja, mara wakiwa wamekesha, mara wakiwa wamekunywa kilevi. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Baada ya saa 24, ulikaribia asilimia 0.10.

Tuhesabu pamoja. Aliyeamka saa 11:30 alfajiri anatimiza saa 17 ifikapo saa 4:30 usiku. Wengi wetu saa hiyo ndipo tunapofungua daftari! Sisemi kwamba kukosa usingizi kuna hukumu ya pombe. Asinukuliwe yeyote hivyo. Ninachosema ni kwamba kijana ambaye hawezi kugusa kilevi kwa kumwogopa Allah (SW) anaweza kuingia katika chumba cha mtihani na akili iliyofifia kama ya aliyekigusa, tena akijisifu.

Jaribio linalotugusa zaidi ni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lililochapishwa mwaka 2003 na Van Dongen na wenzake. Katika jaribio hilo kulikuwa na kundi la watu waliolala saa 6 kila usiku kwa siku 14. Si saa mbili, ni saa 6! Umakini wao ulishuka siku baada ya siku, mpaka ukafanana na wa mtu aliyekesha kabisa. Walipoulizwa wanajisikiaje, walijiona wana usingizi kidogo tu. Uwezo uliendelea kushuka, na wenyewe hawakuwa na habari.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mlevi husema hajalewa. Mwenye usingizi naye husema amezoea.

Jipime kwa rula

Tumeamrishwa kujihesabu kabla hatujahesabiwa, na hesabu haifanywi kwa kukisia. Tafuta rula ya sentimita 30 na mwenzako mmoja wa chumbani. Mwenzako aishike kwa juu, alama ya sifuri iwe kati ya kidole gumba na cha shahada chako, bila wewe kuigusa. Aiachie ghafla bila kukuambia, nawe uidake. Soma sentimita palipo na kidole chako. Ukiidaka kwenye sentimita 10, umeitikia kwa takriban sekunde 0.14. Sentimita 20 ni sekunde 0.20. Sentimita 30 ni karibu sekunde 0.25.

Rudia mara kumi na uchukue wastani, kwa sababu mdako mmoja hauthibitishi kitu. Siku ya kwanza iwe ya mazoezi, usiiandike. Baada ya hapo pima kila siku saa ile ile, kwa wiki mbili, kabla ya chai au kahawa. Katika daftari weka safu nne: saa ulizolala, unavyojiona kabla ya kupima (niko macho, nina usingizi kidogo, nina usingizi sana), wastani wa rula, na kama swala ya alfajiri umeiswali kwa wakati wake. Usijikeshe makusudi kwa ajili ya jaribio. Maisha yetu ya chuo yatakupa siku za kutosha za kulinganisha.

Mwisho wa wiki mbili, linganisha safu ya pili na ya tatu. Je, siku ulizojiona uko macho, rula ilikubaliana nawe? Kisha itazame safu ya nne, nayo isome peke yako, baina yako na Mola wako.

Usidharau tofauti ndogo. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, inakata karibu mita 14 kila sekunde. Anayeiendesha akisinzia sekunde mbili tu, mita 28 zimepita bila mwenyewe. Basi usimsihi dereva wa boda boda aliyekesha akuwahishe mtihani. Roho yako na yake ni amana.

Hoja mbili zinazosikika

Wa kwanza husema: "Kutafuta elimu ni ibada, nami ninakesha kwa ibada." Ni kweli kwamba Mtume (SAW) alichukia mazungumzo baada ya Isha, na ni kweli pia kwamba Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya mazungumzo ya elimu usiku. Kusoma baada ya Isha kunaruhusiwa. Lakini tukumbuke kisa kilichomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Umar bin Al-Khattab (RA) alimkosa Sulayman bin Abi Hathma katika swala ya alfajiri. Alipomuuliza mama yake, aliambiwa kwamba kijana alikesha akiswali, macho yakamshinda. Umar akasema kuwa kwake yeye kuihudhuria alfajiri kwa jamaa kunapendeza zaidi kuliko kusimama usiku mzima. Ikiwa swala ya usiku haikuwa udhuru wa kutosha mbele ya Umar, itakuwaje kurasa za hesabu? Itakuwaje mechi na simu?

Wa pili husema: "Aliyelala hana lawama, hata Bilal alipitiwa." Naam, alipitiwa. Wakirudi kutoka Khaybar, Mtume (SAW) alimwachia Bilal (RA) kulinda alfajiri. Akaswali kiasi alichoweza, kisha akaegemea kipando chake akiuelekea upande wa mapambazuko, na usingizi ukamchukua. Hawakuamka mpaka jua lilipowapiga. Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. Kwanza, kama Bilal hakuweza kuushinda usingizi kwa nia yake, nawe hutauweza. Pili, wao walikuwa katika safari ngumu na waliweka mlinzi. Wewe uliyelala saa tisa usiku huku simu imezimwa mlio, Bilal wako ni nani?

Hatuwalaumu walinzi wa usiku, wanafunzi walio zamu hospitalini, wala mama anayesoma huku analea. Hao wana dharura zao, na Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Maneno haya ni kwa mwenye hiari.

Usiku wetu unatosha

Sisi tulio karibu na Ikweta tumepewa neema ambayo hatuioni. Hapa Kampala, Isha huingia kwenye saa 2:00 usiku na alfajiri kwenye saa 11:30, mwaka mzima kwa tofauti ndogo. Hizo ni karibu saa tisa na nusu kila usiku. Ndugu zetu wa Uingereza, wakati wa kiangazi, hupata saa chache tu baina ya swala hizo mbili.

Salman Al-Farisi (RA) alipomtembelea Abu Dardaa (RA), mwenyeji wake alitaka kusimama usiku mapema. Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha, wakaswali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki. Mtume (SAW) alipopewa habari alisema kuwa Salman amesema kweli.

Tuufuate mpango huo. Swali Isha na jamaa, soma kwa saa moja hivi, lala saa 3:30. Amka saa 10:30: umepata saa saba. Swali rakaa mbili, omba, pitia masomo mpaka adhana. Baada ya alfajiri usirudi kitandani, endelea mpaka jua lipande. Adhuhuri, ukipata nafasi, jinyooshe kidogo kwa qailula kama walivyofanya maswahaba. Na wanaokaa chumba kimoja wakubaliane: nani atakuwa Bilal wa chumba wiki hii?

Surat Ar-Rum, aya ya 23, inauhesabu usingizi wetu miongoni mwa ishara za Allah (SW). Kutolala ni sifa yake Yeye peke yake. Mja anapolala anakiri kwamba yeye ni mja, na anapoamka anaonja mfano wa kufufuliwa.

Ewe Mola wetu, utujaalie usingizi wenye utulivu na kuamka kwenye utii. Utubarikie asubuhi zetu, utufanyie wepesi mitihani ya dunia na ile ya Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.