Muuguzi na Haki ya Mgonjwa Asiyekuwapo

Maadili ya uuguzi yamejengwa juu ya mgonjwa aliye kitandani, ilhali antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, zinaibua swali gumu zaidi: je, muuguzi anawajibika pia kwa mtu ambaye bado hajaugua? Kila dozi huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wanaoistahimili, na usugu huo huweza kumfikia asiyemeza kidonge hata kimoja, jambo ambalo Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitahadharisha kulihusu katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945.

Kuhusu swali hilo, fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria za dini, ina kanuni kwamba dhara la mmoja hustahimiliwa ili kuzuia dhara la umma. Kanuni hiyo, hata hivyo, haimruhusu muuguzi kumcheleweshea dawa mgonjwa ambaye maambukizi yameenea katika damu, kwani kwake saa chache ni uhai.

Lakini migongano ya kweli kati ya mgonjwa aliyepo na asiyekuwapo ni michache kuliko inavyodhaniwa. Muuguzi anayechukua damu ya kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza, anayemkumbusha daktari kwamba mgonjwa wa sindano sasa anaweza kumeza vidonge, au anayemweleza mama kwa upole (kazi isiyothaminiwa ipasavyo) kwamba mafua ya mwanawe yanatokana na virusi, visivyodhuriwa na antibiotiki, hamnyimi yeyote haki yake, kwa kuwa dawa isiyofaa haikuwa haki ya mtoto huyo tangu mwanzo.