Chombo Alichokiunda Mtu kwa Mkono Wake

Baada ya darsa ya Alasiri, kijana mmoja katika wanaohudhuria barza yetu alituwekea mkekani kisanduku cha chuma, kadiri ya kiganja cha mkono, akatwambia kuwa amekiunda mwenyewe. Yeye ni fundi wa redio na simu, na mkono wake ni mwepesi. Kisanduku kile ni sigara ya umeme. Mchoro wake aliupata bure kwa mafundi wa Marekani, ambao wana desturi ya kuiacha michoro yao wazi ili kila atakaye aige na aunde. Kisha akauliza: "Sheikh, huko Marekani serikali imesema vyombo hivi, hata vipande vyake, vihesabiwe kuwa tumbaku, wala visiuzwe ila kwa idhini yake. Chuma na waya vimekuwaje tumbaku? Na mtu akijiundia chake nyumbani mwake, serikali imeingiaje?"

Baadhi ya waliokuwapo walilicheka swali hili. Sisi hatukulicheka, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko moshi: mpaka wa amri ya mtawala uko wapi, na mkono wa mtu waanza kuwa wake mwenyewe wapi.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe, kwani wengi huhukumu wasichokijua. Kwa sura yake ya sasa kilibuniwa na mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya uliozungushwa mfano wa springi, na pamba iliyoloweshwa maji mazito yaliyotiwa nikotini, nayo ndiyo ile iliyomo katika tumbaku imfungayo mtu asiweze kuacha. Umeme ukipita, waya hupata moto, maji yakageuka mvuke, mtu akauvuta. Hapana jani linaloungua, wala hapana lami itokanayo na jani linaloungua. Hilo ni kweli wala haifai kulikanusha kwa kuwa tu hatukipendi chombo. Lakini kifungo ni kile kile.

Navyo viko namna mbili. Kuna vya kiwanda, vilivyofungwa, mtu hana analolifanya ila kuvuta. Na kuna vya wazi, ambavyo mwenyewe huzungusha waya wake, hupima nguvu ya umeme, huchanganya maji yake. Katika hivi vya wazi, vingine ni bomba tupu la chuma lenye betri, pasi na kidude chochote cha kuuzuia umeme ukizidi. Vingine vina ubongo mdogo uongozwao na programu, na ziko programu ambazo mafundi wameziandika upya wakazitoa bure.

Sheria ya Marekani ya kuisimamia tumbaku ilipitishwa mwaka 2009, na hapo mwanzo sigara za umeme hazikutajwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kuwa vyombo hivi, maadamu haviuzwi kwa madai ya kuponya, vihukumiwe kwa sheria ya tumbaku wala si kwa sheria ya dawa. Ndipo kanuni ya Idara ya Chakula na Dawa ilipoanza kutumika, tarehe 8 Agosti 2016, ikaviingiza vyombo na vipande vyake: tangi, waya wa moto, baadhi ya betri, hata programu. Kila ambacho hakikuwako sokoni tarehe 15 Februari 2007 kikatakiwa idhini. Na vyombo vya wazi tulivyovieleza karibu vyote vimezaliwa baada ya siku hiyo. Duka lililomchanganyia mteja maji, au kukibadili chombo chake, likahesabiwa mtengenezaji kama kiwanda.

Kuomba idhini hiyo kwataka maabara, wataalamu na mali nyingi. Fundi wa karakana ya uani atavitoa wapi? Tarehe 12 Oktoba 2021 idhini ya kwanza ya chombo cha namna hii ilipotolewa, iliyeipata ni tanzu ya R.J. Reynolds, kampuni iliyoanza biashara ya tumbaku mwaka 1875. Aliyewauzia watu maradhi kwa karne nzima ndiye aliyekuwa na mali ya kuthibitisha kuwa sasa anauza kilicho nafuu. Hatusemi kuwa waliotoa idhini walikosa kufuata sheria yao. Twasema kuwa mlango ukijengwa mwembamba sana, hupita mwenye mali, si mwenye haki.

Kijana wetu aliposikia hayo alifurahi, akadhani tumekuwa upande wake. Tukamwambia angoje.

Wanazuoni wetu wana mas-ala mashuhuri ya mtu achimbaye kisima. Akikichimba katika kiwanja chake, na mtu akaingia bila ya idhini akatumbukia, hana dhamana. Akikichimba njiani wapitapo watu, pasi na ruhusa, basi dhamana ni yake, hata kama hakumkusudia mtu. Kazi ni ile ile, jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni nani atakayepita hapo. Kwa hivyo mtu aliyejiundia chombo chake, akakivuta mwenyewe, huenda amejidhulumu nafsi yake, na hilo ana la kulijibu. Lakini sisi hatuoni kuwa askari ana kazi nyumbani mwake. Sultani Murad wa Nne wa Dola ya Uthmaniya alipiga marufuku tumbaku mwaka 1633, akawaua wavutaji, na hata hivyo tumbaku haikutoka Istanbul.

Lakini akikiuza, amekwisha kuchimba njiani. Mwezi wa Mei 2018 mtu mmoja katika jimbo la Florida aliuawa na chombo kilichomlipukia, na Januari 2019 mwengine akafa hivyo hivyo Texas. Anunuaye bomba la shaba hajui hesabu ya umeme aijuayo fundi. Mwaka huo wa 2019 yakazuka Marekani maradhi ya mapafu. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamelazwa hospitali watu 2,807, na 68 katika hao walikufa. Kilichoonekana kuwa sababu kubwa ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika maji ya bangi yaliyokuwa yakiuzwa kwa siri. Waliokufa hawakujua wakivutacho. Basi asemaye kuwa soko liachwe bila ya msimamizi na awajibu mayatima wa watu hawa.

Tazama lakini yalipotoka madhara makubwa. Mwaka 2019, wanafunzi 27.5 katika kila 100 wa skuli za sekondari za Marekani walisema wamevuta vyombo hivi katika siku 30 zilizopita, na walichokitaja zaidi ni Juul, kidude cha kiwanda, kizuri kwa umbo, kilichofungwa. Si kisanduku cha fundi kilichowanasa.

Imebaki mas-ala ya mchoro na programu, na hapa twakiri kuwa ni pazito. Atoaye mchoro wazi hakumwingiza mtu shimoni. Amemwonyesha kisima huchimbwa vipi, na elimu hiyo kila mtu aweza kuikagua na kuisahihisha, jambo lisilowezekana kwa chupa iliyofungwa. Kumwita huyu mtengenezaji wa tumbaku ni kulivuta neno mpaka likatike. Lakini akijua kuwa mchoro wake una kasoro ya kuunguza mtu, akanyamaza, au akatoa programu ya kuondoa kinga ya joto bila ya kueleza iliwekewa nini, basi ukimya wake umekuwa kitendo, na hatuoni tofauti yake na muuzaji afichaye aibu ya bidhaa.

Kijana akasema, "Basi changu kimesalimika." Tukamwuliza amekwisha kuunda vingapi. Akasita, kisha akasema vitatu. Viwili ni vya rafiki zake, nao wamemlipa bei ya vipande na kitu kidogo juu. Tukamwuliza kama rafiki hao walikuwa wavuta sigara wanaotafuta kuiacha. Mmoja ndivyo. Wa pili hajapata kuvuta kitu maishani mwake. Amekipenda kwa umbo lake tu.

Tukamwambia amrejeshee huyu wa pili fedha zake kabla ya Ijumaa, na kisanduku akivunje. Na yule wa kwanza asimpe chake mpaka awe amekaa naye, amemwonyesha betri, na waya, na kile asichokuwa nacho chombo chake.