Siri ya Mwenye Kuuguza

Aliyeuguza mtu kwa muda mrefu huficha siri moja: usiku fulani moyo wake ulitamani mwisho ufike. Je, kutamani huko ni usaliti?

Swali hili ndilo kiini cha *A Monster Calls*, hadithi ya vijana iliyotolewa na Patrick Ness mwaka 2011, kutokana na wazo la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla hajaiandika. Conor, mvulana wa miaka 13, ana mama mgonjwa sana. Zimwi lenye umbo la mti humjia usiku, si kumla, bali kumdai ukweli. Na ukweli wenyewe ni kwamba amechoka kungoja.

Hapo msomaji hulia, wala hamlilii Conor peke yake. Amesikia siri yake mwenyewe ikitamkwa na kinywa kingine. Moyo waweza kutaka mambo mawili yasiyopatana: mama abaki, na maumivu yaishe. Wazo huja bila kualikwa. Mtu huhukumiwa kwa tendo. Conor, mwisho ulipofika, alikuwa amemshika mama yake.